Kiingereza cha Upande wa Pili wa Ukuta

Nilimchukia Mwalimu Lea kabla hajamaliza kusema shikamoo. Nasema hivyo mapema ili msomaji asije akadhani nitajitetea. Alikuwa na miaka ishirini na minne, begi moja la mgongoni na raba zilizojaa vumbi, maana alishukia barabarani akatembea kwa miguu mpaka shuleni kwetu, mbele kidogo ya Zuzu, hapa Dodoma. Mwalimu Mkuu, Raphael, alimleta ofisini akatutambulisha: mwalimu wa kujitolea, amemaliza chuo, anasubiri ajira, atasaidia Kiingereza darasa la tano. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema Mwalimu Mkuu, akacheka peke yake. Mwenyeji wa Kiingereza pale shuleni nilikuwa mimi, na sikuwa nimemwambia mtu yeyote kwamba naumwa.

Nimefundisha Kiingereza katika shule hiyo moja kwa miaka ishirini na saba. Niliajiriwa nikiwa na cheti cha ualimu cha Daraja la Tatu A na mimba ya mwanangu wa kwanza, Yotham, na tangu siku hiyo hakuna aliyemaliza darasa la saba pale bila kupita mikononi mwangu. Anayeuza vocha za simu kituoni ni wangu. Muuguzi wa zahanati ni wangu. Mwenyekiti wa kamati ya shule, Yoramu, alikuwa kwenye darasa langu la kwanza kabisa, na mpaka leo akinikuta njiani anashuka kwenye baiskeli ndipo anisalimie.

Ukitaka kujua kama mtu amesoma kwetu, usimwombe cheti. Mpe neno la Kiingereza alisome. Mwandikie "leopard", yaani chui, atakusomea "leopadi". Mwandikie "climb", kupanda, atasema "klaimbu", na ile b ya mwisho ataigonga mpaka uisikie. "Listen", sikiliza, kwetu ni "lisiteni". "Island", kisiwa, ni "islandi". Herufi ikiandikwa inasomwa. Haikuwekwa pale kupamba karatasi. Ndivyo nilivyofundishwa mimi kule Haneti, na aliyenifundisha ndivyo alivyofundishwa, na hakuna kati yetu aliyewahi kukutana na Mwingereza wa kutubishia. Kiingereza hicho kilikuwa na alama yangu, kama ng'ombe anavyokuwa na alama ya mwenyewe sikioni. Nikimsikia kijana dukani anasema "klaimbu", nilijua huyu ni wa kwangu, na moyo ulikuwa unanitulia.

Sasa niueleze ukuta. Darasa la tano na darasa la saba yametengwa na ukuta ambao haukufika juu. Mwaka uliojengwa wazazi waliishiwa matofali, wakasema watamalizia baada ya mavuno, na mavuno ya huku kwetu kila mtu anayajua. Kwa hiyo bati liko juu, ukuta uko chini, na katikati pana uwazi ambao popo wanaupita bila kuinama. Miaka yote uwazi ule ulikuwa unapeleka sauti yangu kwa wenzangu. Haikuwahi kunijia akilini kwamba unaweza kuleta.

Siku ya pili ya Lea nilikuwa ubaoni, nimeshika chaki, nikamsikia.

"Lepad," akasema.

"Lepad!" wakaitikia watoto wa la tano.

Nilidhani amekosea. Nikafurahi, tena sana. Nilijiona tayari ofisini wakati wa uji nikimsahihisha kwa upole mbele ya wenzangu. Halafu akasema "klaim". Akasema "lisin". Akasema "ailand". Herufi nilizozilinda miaka ishirini na saba yule binti alikuwa anazidondosha chini kama maganda ya karanga, na watoto wanampokea kwa shangwe.

Wakati wa uji nilimfuata. Nilijifanya nauliza tu. "Mwalimu Lea, nimesikia watoto wanasema neno sijui lepad. Ni neno gani hilo?"

Alinijibu kwa adabu zote, na adabu yake ndiyo iliyonichoma. "Ni chui, madam. Ile o pale katikati inaandikwa lakini haitamkwi." Akatoa simu yake, ilikuwa na kamusi inayoongea. Akabonyeza, sauti ya mwanamume ikatoka mle ndani ikasema neno lile, na ikalisema kama Lea. "Hata mimi, madam, nilikuwa nasema leopadi mpaka nafika chuo. Darasa zima lilinicheka wiki nzima. Ngoja nikuwekee na wewe kwenye simu yako, ni bure."

"Simu yangu ni ya kupigia na kupokea," nikamwambia. "Na mimi nimeanza kushika chaki wewe hujazaliwa."

"Samahani, madam," akasema, akainama kidogo, akarudisha simu mfukoni.

Nikaanza kumchunguza. Nilitaka nikute amesoma shule za kulipia, zile za mabasi ya njano, baba yake ni mkubwa fulani wizarani, mama yake anaagiza nguo nje. Ningeweza kuishi na hilo. Ningesema ana bahati, basi, tukaendelea na maisha. Lakini Lea alikuwa wa Busi, kule Kondoa. Baba yake analima mahindi na alizeti, na msingi alisoma shule ya kijiji, sakafu ya udongo, kama mimi. Hakuna alichokuwa nacho ambacho mimi nisingeweza kukipata kama ningetaka, na hapo ndipo wivu wangu ulipopata pa kukaa.

Wanasema mwenye wivu hukonda. Mimi nilinenepa, kwa sababu nilikuwa nakula kwa hasira. Niliwaona watoto wakigombea kumbebea madaftari. Zamani walikuwa wanagombea ya kwangu. Sasa mimi nilibaki na kiranja wa zamu, ambaye kwake ilikuwa lazima. Niliwaona wasichana wakisuka nywele kama yake. Wazazi walikuwa wamempa chumba nyumbani kwa Yoramu na kumchangia unga na mboga, na kila jioni nilimwona anarudi huko amezungukwa na watoto kumi, wanapiga kelele za "lepad, lepad" njia nzima. Nikitazama dirishani kwangu nilijisemea kwamba ni kelele tu. Halafu nilibaki dirishani mpaka walipopotea.

Kibaya zaidi kilitokea ndani ya darasa langu mwenyewe. Frida, binti wa Yoramu, alikuwa darasa la saba, mtoto wangu wa kwanza kwa akili. Nilisimama mbele yao nikasema kama nilivyosema kila siku, "Class, lisiteni." Frida akaweka mkono mdomoni. Kicheko kikatoka kwake kikaenda kwa jirani yake, kikapita dawati kwa dawati mpaka nyuma, hakina sauti, mabega tu yanatikisika. Nimewahi kuwachapa watoto kwa kutamka vibaya. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Siku ile ulinigeukia mimi, na nilijua uchungu wake. Nikawaamuru wanakili ukurasa mzima, nikakaa, nikajifanya nasahihisha.

Na nikiwa nimekaa pale, nikaanza kusikiliza.

Sikupanga. Sauti ilikuwa inakuja juu ya ukuta, na masikio hayana mlango. Lea alisema neno, watoto wakaitikia, na midomo yangu ikacheza, ikilirudia kwa sauti ya chini. Kesho yake hivyo hivyo. Baada ya wiki nilikuwa napanga vipindi vyangu ili wakati wa kipindi chake cha Kiingereza watoto wangu wawe wananakili kimya. Nilikuwa na kikaratasi ndani ya andalio la somo, naandika kwa herufi za Kiswahili kile ninachosikia: klaim, lisin, onist, hafu, wenzdei. Niligundua kwamba kila neno jipya alikuwa analisema mara tatu, polepole, tena kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika kwa watoto waliokuwa mbele yake. Nikasema ni maringo. Anataka shule nzima ijue yupo.

Jioni nilifanya mazoezi jikoni, nikikoroga mlenda. Kulikuwa na maneno manne yaliyonitesa, yote yameandikwa kwa mkia mmoja wa o, u, g, h, na kila moja lina sauti yake kama watoto wa baba mmoja na mama wanne: "through" ni thruu, "though" ni dho, "enough" ni inaf, "cough" ni kof. Niliuliza sufuria kama waliotunga maneno hayo walikuwa wazima. Mume wangu, Damas, alichungulia mlangoni.

"Mama Yotham, unasali?"

"Nasali."

"Basi niombee na mimi," akasema, akaenda zake.

Msomaji atasema, si ni vizuri, mwalimu amejifunza? Ngoja. Kila neno nililojifunza lilinifanya nimchukie Lea zaidi, kwa maana lilikuwa ushahidi kwamba yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Tena sikuweza kulitumia. Ningesimamaje mbele ya Frida niseme "lisin", baada ya kicheko kile? Ingekuwa kama kupiga magoti. Kwa hiyo nilikuwa najua na nikanyamaza. Nilisema "klaimbu" kwa sauti, na kichwani nasikia "klaim", na watoto arobaini na wanane wakaitikia "klaimbu" huku wakitazamana. Hivyo ndivyo nilivyofundisha kwa muhula mzima, na sijawahi kufanya jambo la aibu kuliko hilo, isipokuwa lile lililofuata.

Likizo ilipokaribia kwisha, Mwalimu Mkuu aliniita ofisini kwake. Afisa elimu kata alikuwa amepita kabla ya kufunga shule, amekaa darasa la tano, ametoka anatabasamu.

"Mwalimu Yasinta," akaanza Raphael, akipanga na kupangua kalamu zake, "nimeona muhula ujao Lea achukue Kiingereza cha la saba. Wewe upumzike kidogo. Utabaki na Uraia na Maadili."

"Nimekwambia nimechoka?"

"Si kuchoka. Ni mtihani wa taifa, mama. Tunataka watoto wafaulu."

"Na hawa wote waliofaulu kabla yake, walifundishwa na nani?"

Akasema bado si uamuzi, kwa sababu Lea ni wa kujitolea. Chumba na chakula anapewa na wazazi, na Jumamosi wazazi wana kikao. Wakiridhia aendelee, atapanga ratiba mpya. Wasiporidhia, binti hana pa kulala, atarudi kwao. Raphael aliyasema hayo kama mtu anayeeleza utaratibu tu. Mimi nilitoka pale nikiwa nimekwisha elewa kwamba darasa langu la saba lina siku nne, au Lea ndiye mwenye siku nne.

Kikao kilifanyika ndani ya darasa la saba, kwa sababu nje upepo ulikuwa unavuruga vumbi. Wazazi walikaa kwenye madawati ya watoto wao, magoti yamegusa kidevu. Nilipoingia, watu wazima zaidi ya sitini walisimama kwa pamoja, madawati yakalia.

"Shikamoo mwalimu!"

"Marahaba, kaeni."

Wakakaa. Hakuna aliyewaambia wasimame. Miguu yao ndiyo iliyokumbuka. Yoramu mwenyewe, aliyekuwa ameketi mbele kwenye kiti cha mwenyekiti, alisimama pia, akasahau kukaa mpaka nilipomtazama. Lea alikuwa nyuma kabisa karibu na mlango, na daftari lake mapajani.

Mwalimu Mkuu akaeleza habari za Lea: watoto wanasoma vizuri, afisa amesifu, tunaomba wazazi waendelee kumtunza. Watu walitikisa vichwa kwa kukubali. Mama mmoja mwenye mtoto wa la tano alinyoosha kidole, na usoni kwake nilisoma kwamba anataka kusifu. Nikaomba kusema kabla yake. Yoramu, mwenyekiti, hakuwahi kuninyima neno maishani mwake.

Sikusemea pale nilipokuwa. Nilikwenda mbele, nikasimama ubaoni, mahali pangu.

"Mimi niliwafundisha, sikuwafundisha?"

"Ulitufundishaaa!"

"Niliwafundisha vibaya?"

"Hapanaaa!"

"Mko hapa, mna nyumba, mna watoto, mnasoma na kuandika. Ndiyo au siyo?"

"Ndiyooo!"

"Haya. Siku hizi mkisema neno la Kiingereza nyumbani, watoto wenu wanawacheka. Ndiyo au siyo?"

Hapo hawakuitikia. Walitazama chini. Nilijua nimegusa kidonda, kwa sababu kilikuwa kidonda changu mwenyewe. Yoramu akakohoa.

"Ni kweli, mwalimu," akasema. "Juzi nilikuwa na shemeji zangu kutoka mjini. Nikasema neno moja tu, la chui. Frida akanisahihisha mbele yao. Walicheka mpaka wakamwaga chai." Alijaribu kucheka na yeye, ikashindikana.

"Mtoto anayemcheka baba yake leo kwa neno," nikasema, "kesho atamcheka kwa nini?"

Kule nyuma Lea aliinua uso.

"Mnataka watoto wajifunze Kiingereza cha kuwadharau?"

"Hapanaaa!"

"Basi shule yetu ibaki kama ilivyokuwa, na mwalimu mgeni tumshukuru, aende kwao kwa amani. Tumeelewana?"

"Ndiyo mwalimuuu!"

Ndugu msomaji, hakuna aliyekuwa amefikiri. Nilikuwa naifahamu sauti ile, mimi ndiye niliyeitengeneza. Tangu wakiwa na miaka saba niliwafundisha kwamba mwalimu akiuliza "tumeelewana", jibu ni moja, na unalivuta mwisho. Hakuna mtoto niliyewahi kumfundisha jibu la pili. Yule mama wa la tano naye aliitikia pamoja na wenzake, halafu akakitazama kidole chake kilichokuwa bado hewani, akakishusha. Yoramu akamwambia katibu aandike: wazazi wameridhia kwa kauli moja.

Mwalimu Mkuu alinisubiri nje. "Mwalimu Yasinta, wale ulikuwa unawauliza au unawafundisha?"

"Wamejibu wenyewe," nikasema, nikaenda nyumbani, na njiani nilikuwa naimba. Nitakuwa mwongo nikisema dhamiri ilinisuta. Nilipika wali siku ile bila kuwa na mgeni.

Jumatatu, kabla kengele haijagongwa, Lea alikuja darasani kwangu kuaga. Begi lile lile mgongoni. Nilikuwa naandika tarehe ubaoni, na niliendelea kuandika.

"Shikamoo, madam."

"Marahaba."

"Nimekuja kuaga. Narudi Busi, nitamsaidia baba shambani huku nasubiri ajira. Na naomba radhi. Sikujua kwamba watoto wanawasahihisha wazazi mbele za watu. Ningejua ningewakataza."

"Haya. Safari njema."

Hakuondoka. Alisogea hatua moja, akashusha sauti, ingawa tulikuwa wawili tu.

"Kuna jambo, madam, naomba usilipokee vibaya. Huu ukuta haujafika juu. Nikisema neno na watoto wakiitikia, nilikuwa nasikia baada yao kuna sauti ya mtu mzima inarudia, taratibu. Mwanzoni nilidhani ni mwangwi." Akatabasamu kidogo. "Ndiyo maana nikawa nasema kila neno mara tatu."

Nilimgeukia, nikamtazama usoni, nikitafuta kejeli. Nilihitaji kejeli, hata ndogo, nipate pa kushika. Haikuwepo. Alikuwa amenifundisha muhula mzima kwa kupitia juu ya ukuta, bila kumwambia mtu, bila kunitazama kwa jicho la kujua, na mimi nilikuwa nimemfukuza kwa sauti sitini. Nilitaka kumwambia akae. Ulimi ulikuwa mdomoni, maneno nilikuwa nayo, hata ya Kiingereza. Nikasema tena, "Safari njema."

Kwa hiyo nilibaki na Kiingereza changu chote, la saba na la tano, kama nilivyotaka. Na siku hiyo hiyo nikaanza kutamka kama Lea. Sikuwa na wa kunilinganisha naye tena, basi nikaona hakuna aibu. Niliposema "lisin", darasa lilitulia. Frida akainua mkono.

"Mwalimu, baba amesema tusome kama zamani. Kama ulivyowafundisha wao."

"Baba yako hafundishi hapa. Semeni, lisin."

"Lisin!" wakaitikia, na niliona nyuso zao zinafunguka kwa furaha, wakanipenda, na nikapokea upendo ule bila kusema ulikuwa wa nani. Kwa wiki tatu nilikuwa mwalimu hodari kuliko wote. Nilimaliza kikaratasi changu neno kwa neno. Raphael alipita dirishani, akasimama, akasikiliza, akatikisa kichwa kwa mshangao, na nilijiona mrefu. Nilikuwa nimemwondoa mtu, nikabaki na mdomo wake.

Alhamisi ya wiki ya nne tulifika kwenye habari ya kusoma ambayo naifundisha kila mwaka. Inahusu ukame. Nani anifundishe ukame mimi, niliyezaliwa Haneti, niliyeona ng'ombe wa baba yangu wakianguka mmoja mmoja njia ya kwenda kunywa maji lamboni? Nikaandika kichwa cha habari ubaoni kwa herufi kubwa: DROUGHT. Nikageuka, nikafungua mdomo kusema lile neno kama nilivyolisema miaka ishirini na saba, "drofti".

Halikutoka. Nilikuwa nimeuona ule mkia pale katikati, o, u, g, h. Thruu, dho, inaf, kof. Neno hili la tano ni mtoto wa mama yupi? Drut? Drot? Draft? Nililipindua kichwani, na kila sauti iliyokuja ilionekana kweli na ilionekana uongo. Zamani nisingesita, ningelisoma kama nilivyofundishwa Haneti na kuendelea. Ule uhakika ulikuwa umeondoka na sikujua uliondoka siku gani, na kingine cha kuweka mahali pake sikuwa nimepewa bado. Lea hakuwa amefika kwenye neno hilo.

Nikatega sikio upande wa pili wa ukuta. Darasa la tano halikuwa na mwalimu. Kiranja alikuwa amewaandikia kazi, na kilichosikika ni kalamu za risasi tu. Namba ya simu ya Lea iko kwenye daftari la walimu ofisini, hatua hamsini kutoka pale. Nilizihesabu zile hatua kwa macho. Kisha nikawatazama watoto. Arobaini na wanane, Frida akiwa mbele, vinywa vimefunguliwa nusu, wananisubiri niseme chochote wapate kukiitikia.

"Drofti," nikasema.

"Drofti!" wakasema wote, kwa nguvu zao zote, na Frida akaliandika kwenye daftari lake kwa herufi za Kiswahili, kama lilivyotoka mdomoni mwangu.

Nikawaambia warudie, na wakarudia.